Mhadhiri wa Tabora na Kigoma akajiendeleze wapi? Ulinganisho wa njia nne

Muhula wa pili ukielekea ukingoni, maongezi ya ofisini kwetu hapa Tabora hubadilika. Usahihishaji unaendelea, lakini kati ya fungu moja la karatasi na jingine mtu anauliza: mwaka huu unaomba nini? Mmoja ana tangazo la kozi ya uongozi Arusha. Mwingine ametumiwa WhatsApp linki ya ufadhili wa Ujerumani. Wa tatu ameambiwa na mkuu wake wa idara kwamba bila uzamivu asitarajie kupanda. Ukizungumza na wenzetu wa Kigoma, wako kwenye njia panda hiyohiyo, tena na safari ndefu zaidi mbele yao.

Ulinganisho huu nimewaandikia watu hao: mhadhiri msaidizi wa AMUCTA, chuo kikuu kishiriki cha hapa Tabora, mkufunzi wa Taasisi ya Uhasibu (TIA) Kigoma au wa Chuo cha Utumishi wa Umma tawi la Tabora, mtumishi wa kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria, na yule aliyekuta barua mezani kwamba kuanzia wiki ijayo yeye ndiye mkuu wa idara. Njia ni nyingi, ila kwa hali yetu naziweka katika makundi manne: kujifunza kufundisha, shahada ya uzamivu, mafunzo ya uongozi, na masomo ya mtandaoni.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa vyuo vidogo vya ukanda huu, mafunzo yanayokuacha kazini na kukulazimisha urekebishe jambo ndani ya idara yako yana faida kuliko yanayokuondoa, hata kama hayo ya pili yana jina kubwa. Uzamivu peke yake nauwekea nafasi tofauti, na sababu nitaieleza mahali pake.

Kinachonifanya niseme hivyo ni ukubwa wa idara zetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikimruhusu mtu mmoja kwenda masomoni, kozi zake hugawanywa na kazi inaendelea. Kwetu idara inaweza kuwa na watu wanne au watano. Akiondoka mmoja kwa miaka mitatu, kozi zake zinawaangukia wenzake ambao tayari wanafundisha, wanasimamia mafunzo kwa vitendo na kusahihisha hadi usiku. Wanaoumia kwanza ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza, maana madarasa yao ndiyo makubwa na ndiyo hupewa mtu wa kuziba pengo. Kwa hiyo kila njia nimeipima kwa mambo haya: inakuondoa darasani kwa muda gani, nani analipa, mlango wake uko wazi kwa aina ya chuo chako, na ukirudi idara itabaki na nini mkononi.

Kujifunza kufundisha

Wengi wetu tulikabidhiwa darasa kwa sababu tulifaulu vizuri. Matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vyetu hutaka GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili. Namba hizo zinapima ulivyokuwa mwanafunzi. Hazisemi kama unajua kupanga somo la saa mbili, kutunga swali la mtihani linalopima uelewa badala ya kumbukumbu, au kumrudisha kundini kijana aliyekata tamaa wiki ya nne. Aliyesomea ualimu ana nafuu. Mwanasheria, mhasibu au mwanasosholojia anaingia darasani na kumbukumbu ya jinsi alivyofundishwa yeye.

Mlango ulio karibu zaidi ni stashahada ya uzamili ya elimu, ile tunayoiita PGDE. Chuo Kikuu Huria kinaitoa, na kwa kuwa kina vituo Tabora na Kigoma, unasoma ukiwa kwako, mitihani unafanyia kituoni, na ada unailipa kwa awamu kwa shilingi. Utasoma falsafa na saikolojia ya elimu, mitaala, tathmini, na utafanya mazoezi ya kufundisha. Ni sifa inayotambulika na hukai nje ya darasa lako. Upungufu wake ni kwamba kwa kiasi kikubwa imelengwa kwa anayetaka kufundisha sekondari. Mifano mingi ni ya kidato cha tatu, na kazi ya kuihamishia kwenye ukumbi wenye wanafunzi mia mbili unaifanya mwenyewe.

Njia ya pili ni warsha za siku mbili tatu, ama zinazoandaliwa na chuo mama, kama SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) kule Mwanza kwa watu wa AMUCTA, ama zinazokuja na mradi. Hapa tuwe waangalifu. Warsha nyingi ni mtu kusoma slaidi kuhusu ufundishaji shirikishi huku washiriki wakisikiliza kimya, na siku ya mwisho kila mmoja anaondoka na cheti na mkoba. Lakini zipo zilizofanywa vizuri. Kati ya 2018 na 2021 mradi wa TESCEA ulifanya kazi na Chuo Kikuu cha Dodoma na Mzumbe hapa nchini, pamoja na vyuo vikuu vya Gulu na Uganda Martyrs kule Uganda, wakishirikiana na AFELT, chama cha Kenya kinachoshughulika na ufundishaji wa vyuo vikuu. Wahadhiri walikuja na kozi zao wenyewe wakazisuka upya: kwanza, mhitimu aweze kufanya nini, kisha, tutajuaje kwamba anaweza, mwisho ndipo mada za kila wiki. Ukipewa barua ya mwaliko wa warsha yoyote, uliza swali moja tu kabla ya kukubali: nitaifanyia kazi kozi yangu mwenyewe, au nitasikiliza? Jibu likiwa ni kusikiliza, bora ubaki usahihishe.

Njia ya tatu haina tangazo wala ada: kutazamana darasani. Mwenzangu wa idara ya jirani, anayefundisha uhasibu, aliniomba nikae nyuma ya darasa lake. Nilichukua karatasi nikaigawa sehemu mbili, upande mmoja dakika anazoongea yeye, upande wa pili dakika ambazo wanafunzi wanafanya kitu. Kila baada ya maelezo aliuliza, "Tumeelewa?" Ukumbi mzima ukaitikia, "Ndiyooo!" Akaendelea. Kipindi kilipokwisha nikampa karatasi. Upande wa wanafunzi ulikuwa karibu mtupu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametamka sentensi kamili. Aliitazama kwa muda mrefu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Kipindi kilichofuata aliandika ubaoni swali moja: duka linaweza kupata faida na bado likakosa fedha ya kulipa pango? Akawapa dakika tano wazungumze wawili wawili, kisha akawaita kwa majina, akianzia viti vya nyuma. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akaeleza biashara ya mama yake, anayenunua asali Sikonge kwa fedha taslimu na kuwauzia wenye maduka kwa mkopo: kwenye daftari faida ipo, kwenye kibeti hakuna kitu. Baada ya hapo somo la mtiririko wa fedha halikuhitaji slaidi nyingi.

Hukumu yangu: kama hukusomea ualimu, chukua PGDE na papo hapo tafuta mtu wa kutazamana naye, kwa sababu cheti kitakupa msamiati na mwenzako atakuonyesha ukweli. Kama una shahada ya elimu, usipoteze fedha kwenye PGDE. Tafuta mafunzo ya tathmini na utungaji wa mitihani, ambako wengi tuna udhaifu hata baada ya miaka kumi kazini.

Uzamivu

Hapa suala si upendeleo wa mtu. Katika vyuo vikuu, ngazi ya mhadhiri inahitaji shahada ya uzamivu. Bila hiyo unabaki mhadhiri msaidizi hata ukifundisha vizuri kiasi gani. Vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, kama TIA na Chuo cha Utumishi wa Umma, vina muundo wao wa utumishi, hivyo soma wa kwako kabla ya kunukuu wa jirani. Kwa chuo nako kuna hesabu yake: huwezi kuanzisha programu ya uzamili bila watu wenye uzamivu wa kuifundisha na kusimamia tasnifu. Ndiyo maana nasema uzamivu unastahili kumwondoa mtu. Linalobaki ni kuchagua namna ya kuusoma.

Kusoma huku unafanya kazi, hasa uzamivu wa tasnifu wa Chuo Kikuu Huria, kunakuacha nyumbani na darasani. Ni njia ya wengi, na ni njia ngumu. Utafiti unasukumwa likizoni, msimamizi yuko mbali, muhula ukianza tasnifu inafungiwa kabatini. Nimewaona watu wenye akili nyingi wakifika mwaka wa sita wakiwa sura ya tatu. Tofauti kati yao na waliomaliza haikuwa kipaji. Waliomaliza walikubaliana na mkuu wa idara kwa maandishi, kabla ya kujisajili, kwamba mzigo wa vipindi utapunguzwa, na walikuwa na siku moja ya wiki isiyoguswa na kikao chochote. Ahadi ya mdomo haifiki hata katikati ya muhula.

Kwenda kusoma muda wote ndani ya nchi kunamaliza kazi mapema, na hapa jiografia ina neno lake. Kwa mtu wa Tabora, Dodoma iko karibu kuliko Dar es Salaam kwa nauli na kwa usiku usiolala. Unafika kwa basi kupitia Itigi na Manyoni, na tangu 2024 treni ya mwendokasi imeunganisha Dodoma na Dar kwa saa chache, hivyo hata ukihitaji maktaba au mtaalamu wa Dar, kutokea Dodoma ni safari ya siku moja. Kwa mtu wa Kigoma hesabu ni tofauti: kipande cha reli hiyo ya kisasa (SGR) cha Tabora hadi Kigoma bado kinajengwa, basi ni mwendo mrefu, ndege ni ghali. Namshauri asichague chuo kwa ukaribu, kwa kuwa hakuna kilicho karibu. Achague kwa msimamizi. Na kwa kweli hata wa Tabora ningemwambia vilevile: msimamizi kwanza, chuo baadaye. Mwandikie, mwone anajibu baada ya muda gani. Anayekaa miezi miwili bila kujibu barua ya kwanza hatabadilika ukishakuwa mwanafunzi wake.

Kuhusu ufadhili, watu wengi hupoteza miaka wakigonga milango isiyo yao. Mradi wa HEET, ule wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia ulioanza 2021, umesomesha watumishi wengi wa vyuo, lakini umejengwa kuzunguka taasisi za umma. Aliyeajiriwa chuo binafsi au cha kanisa asiutegemee. Mtandao wa CARTA, unaoongozwa kwa pamoja na APHRC, kituo cha utafiti cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, una mafunzo bora ya uzamivu katika afya ya jamii kwa upana wake, ila huchukua watumishi wa taasisi wanachama tu. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao Kampala, ina utaratibu unaotufaa sana: chuo kinachokupokea kinasamehe ada, chuo kilichokuajiri kinabeba nauli, kujikimu na utafiti. Hapa pia uanachama wa chuo chako ndio ufunguo, na mkazo wake ni kilimo na sayansi zinazokizunguka. Wanauchumi wana AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Nairobi, ambayo programu yake ya pamoja ya uzamivu ina Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miongoni mwa vyuo vinavyotunuku shahada.

Mlango ulio wazi zaidi kwa mtu wa chuo kidogo ni DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, kupitia ufadhili wake wa kusoma ndani ya ukanda wetu. Unasoma Afrika, unalipiwa, na una nafasi ya kwenda Ujerumani kwa miezi michache ya utafiti. Watumishi wa vyuo na wanawake wanapewa kipaumbele. Kuna sharti moja ambalo limewafungia nje watu wengi ninaowajua: wakati wa kuomba, shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Mtu anamaliza uzamili, anaajiriwa, anaoa, anajenga, anasema anajipanga. Anapokuja kusoma tangazo kwa makini, dirisha limeshafungwa. Kama una uzamili wa miaka minne iliyopita, achana na mengine yote yaliyomo humu, anza na hilo.

Wanawake wahadhiri wanaulizwa swali ambalo wanaume hawaulizwi: watoto utamwachia nani? Nimelisikia hata kwenye vikao rasmi, na linanikera. Lakini kwa anayepanga kweli, uzamivu wa tasnifu wenye utafiti wa hapa hapa unapunguza utengano. Na mada tunazo. Kigoma kuna Ziwa Tanganyika na uvuvi wake wa dagaa na migebuka, kuna kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI, kuna hifadhi ya Gombe ambako sokwe wamefuatiliwa tangu 1960, kuna kambi ya Nyarugusu yenye wakimbizi tangu 1996. Tabora kuna miombo, asali, tumbaku, na reli inayobadilisha miji midogo mbele ya macho yetu. Mtafiti wa Ulaya analipa nauli kubwa kuja kuyaona haya. Sisi tunayapita tukienda kazini.

Onyo moja la mwisho kwenye suala hili. Kuna wanaouza uzamivu wa miezi kumi na minane kwa njia ya mtandao kutoka vyuo ambavyo hujawahi kuvisikia. TCU, tume ya vyuo vikuu nchini, ndiyo inayotambua tuzo za nje, na shahada ya chuo kisicho na ithibati kwao haitatambuliwa, hata majoho yake yawe mazuri kiasi gani. Uliza TCU kabla ya kulipa.

Mafunzo ya uongozi

Huwa tunamchukua mwalimu mzuri, tunampa funguo za ofisi ya mkuu wa idara, tunamwacha. Kesho yake anatakiwa kupanga mzigo wa vipindi bila kugombanisha watu, kuandaa bajeti, kuongoza mapitio ya mtaala, kusikiliza shauri la udanganyifu kwenye mtihani, na kuandika taarifa ya udhibiti ubora. Hakuna kati ya hayo aliyofundishwa kwenye uzamili wake.

Kwanza nitenganishe kitu kinachochanganywa mara kwa mara. ADEM ya Bagamoyo ni wakala wa uongozi wa elimu kwa upande wa shule: walimu wakuu, wakuu wa shule, wathibiti ubora. Ni taasisi nzuri kwa kazi yake. Mkuu wa idara wa chuo kikuu akienda huko atarudi na mambo ambayo mengi hayana mahali pa kukaa.

ESAMI, taasisi ya menejimenti ya ukanda wetu iliyopo Njiro, Arusha, inatoa kozi fupi za menejimenti mwaka mzima: fedha, manunuzi, rasilimali watu, mipango. Ada zake ni za dola, na juu yake kuna malazi na nauli. Wanaokaa darasani humo wametoka mashirika ya umma, benki, wizara za nchi kadhaa. Kwa rasi wa chuo, mkurugenzi wa utawala au mhasibu mkuu, mchanganyiko huo una faida. Kwa mkuu wa idara mwenye watu watano na bajeti ya karatasi na wino, naona ni fedha nyingi kwa tatizo dogo.

Taasisi ya UONGOZI, iliyoanzishwa na serikali mwaka 2010, ina stashahada ya uzamili ya uongozi inayoendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Aalto cha Ufini. Inafundishwa kwa vipindi vilivyotawanywa, kwa hiyo huachi kazi moja kwa moja, na inakulazimisha ujitazame wewe mwenyewe unavyoongoza, jambo ambalo watu wengi wazima hawajawahi kulifanya. Imekusudiwa viongozi wa ngazi ya juu kidogo. Kama wewe ni naibu mkuu wa chuo au unaelekea huko, iweke mbele ya ESAMI.

Lakini ningeambiwa nichague moja kwa ajili ya mkuu wa kitivo wa Tabora, ningechagua kozi za DIES. Huo ni mpango wa DAAD na Baraza la Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Ujerumani, unaoendeshwa tangu 2001. Ndani yake kuna kozi ya wakuu wa vitivo inayofanywa na Chuo Kikuu cha Sayansi Tumizi cha Osnabrück, na ile ya UNILEAD ya Chuo Kikuu cha Oldenburg kwa viongozi wa ngazi ya kati. Zote mbili zinahitaji Kiingereza kizuri na barua ya kuungwa mkono na uongozi wa chuo chako, na ushindani ni mkubwa. Sehemu zake zinagawanyika, nyingine Ujerumani, nyingine katika ukanda wetu, na katikati unarudi kazini.

Sababu ya kuipendelea ni moja, nayo si ndege ya kwenda Ulaya. Kila mshiriki wa kozi ya wakuu wa vitivo anaingia na mpango wake wa utekelezaji: tatizo halisi la kitivo chake, ambalo atalifanyia kazi katika kipindi chote cha kozi na kulitolea taarifa mbele ya wenzake. Chukua mfano wa matokeo ya mitihani yanayochelewa, kilio cha wanafunzi wetu kila mwaka. Mkuu wa kitivo akiingia na hilo, itabidi afuatilie karatasi inakwama wapi: kwa msahihishaji, kwa mtahini wa nje, au kwenye kuingiza alama kwenye mfumo. Itabidi azungumze na watu, aweke tarehe, arudi kueleza kilichoshindikana. Hata asipopata cheti, kitivo kimeshapata faida. Na kwa asiyeteuliwa kwenda, wahitimu wa kozi hizo katika nchi mbalimbali husaidiwa kuendesha mafunzo kama hayo kwa wenzao nyumbani. Ukisikia yanatangazwa hapa nchini, omba.

Kwa maofisa udhibiti ubora kuna njia ya moja kwa moja zaidi. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, IUCEA, lilianza kazi ya ubora pamoja na Wajerumani hao mwaka 2006, na kutokana na hiyo ukaja mwongozo wa pamoja wa tathmini binafsi na mtandao wa wataalamu wa ubora wa Afrika Mashariki. TCU nayo huandaa mafunzo kwa viongozi wa vyuo. Mafunzo haya hayana mvuto wa jina, ila ndiyo yanayokufundisha lugha ambayo wakaguzi wa ithibati watakuja nayo mlangoni.

Mtandaoni

Njia hii nitaipitia haraka, kwa sababu wengi mnaijua. Kozi ni nyingi, na nyingi unaweza kuzisikiliza bila malipo ukilipia cheti tu kama unakihitaji. Hazikutoi darasani, haziulizi chuo chako ni cha nani. Kinachozimaliza ni upweke, umeme unaokatika na bando linaloisha katikati ya video. Vyeti vyake pia havina uzito mkubwa siku ya kupandishwa cheo. Kamati inatazama machapisho.

Zitumie kwa ujuzi mahususi: uandishi wa makala, takwimu kwa programu ya R ambayo ni ya bure, kuandaa kozi kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni. Halafu kuna Research4Life. Tanzania iko kwenye kundi la nchi zinazopewa huduma hiyo bure, maana yake chuo kikishajisajili, wahadhiri wake wanafungua maelfu ya majarida ya kulipia bila senti. Kama hujui nenosiri la chuo chako, muulize mkutubi leo. Kama hakuna, kumshawishi mkutubi asajili chuo kutawasaidia wenzako kuliko semina yoyote utakayoomba mwaka huu.

Kilichofanikiwa kwetu ni kusoma kozi ya mtandaoni watu watatu kwa pamoja, jioni moja ya wiki, ofisi yenye intaneti nzuri, kila mmoja akiwa na rasimu yake ya makala mezani. Mmoja akitaka kuacha, wawili wanampigia simu.

Barua kwa mkuu wako

Ukishachagua, usipeleke barua inayosema "naomba ruhusa ya masomo" na kuambatisha tangazo. Mkuu wa chuo kidogo akiisoma anaona pengo tu. Mwandikie tatizo la idara ambalo mafunzo haya yanagusa, muda utakaokuwa nje kwa tarehe, na nani atafundisha kila kozi yako, kwa jina, baada ya kuzungumza na mtu huyo na akakubali. Kama wewe na mwenzako mnataka uzamivu, andikeni pamoja mkionyesha nani ataanza na nani atamsubiri.

Vyuo vingi vitakutaka usaini mkataba wa kurudi na kutumikia kwa miaka kadhaa. Usome wote. Angalia miaka inahesabiwa kuanzia lini, siku unayoondoka au siku unayorudi na shahada mkononi, na uangalie mshahara unaendelea au unasimama, na nini kinatokea ukichelewa kumaliza kwa sababu ya msimamizi. Kama haikuandikwa, omba iandikwe kabla ya kalamu yako kugusa karatasi. Na nakala uliyosaini ihifadhi nyumbani. Faili za ofisini huhama na watu.